Miaka miwili kati ya cheti na kitambulisho

Tangu Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, ilipozinduliwa Dodoma Februari 2025, neno "amali", yaani mkondo wa sekondari unaofundisha ufundi na kazi za mikono, limezoeleka hata kwenye vikao vya vikoba vya Buhongwa na Igoma hapa Mwanza. Kila ninapolisikia likitajwa, nasikia maana mbili. Wapo wazazi wanaoliona kama ukombozi: mtoto atatoka kidato cha nne akiwa fundi umeme, fundi cherehani au mpishi, na kazi itamfuata mlangoni. Wapo wanaoliona kama njia ya kuwatenga watoto wa wanyonge, wa kwetu wachomelee mageti na wa wenzetu wasomee udaktari Bugando. Makundi haya yanabishana sana, lakini kuna jambo moja yanakubaliana bila kujua: kwamba kumwandaa mtoto kwa kazi yake ya kwanza sasa ni shughuli ya shule. Hapo ndipo ninapotofautiana nayo yote mawili. Kwa jinsi mfumo mpya ulivyopangwa, mzigo wa mzazi haupungui, unaongezeka. Na sehemu nzito ya mzigo huo haihusiani na ada wala vifaa vya karakana. Ni kumfundisha mtoto kufanya kazi chini ya mtu asiye ndugu yake, na sisi wenyewe kujifunza kutoumaliza mshahara wake wa kwanza kabla hajaugusa.

Tufanye hesabu. Kuanzia 2027 elimu ya lazima itakuwa miaka 10, sita ya msingi na minne ya sekondari ya chini. Mtoto anaanza darasa la kwanza na miaka sita. Ongeza kumi, anamaliza kidato cha nne na miaka 16. Hawa wa mwanzo, walioingia kidato cha kwanza cha mkondo wa amali Januari 2024 baada ya kusoma mpaka darasa la saba, watamaliza 2027 wakiwa na miaka 17 hivi. Kitambulisho cha Taifa kinatolewa kwa aliyetimiza miaka 18. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamruhusu mtoto wa miaka 14 kufanya kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumharibia masomo, lakini inakataza aliye chini ya miaka 18 kuajiriwa mgodini, kiwandani, melini au kwingine kokote ambako mazingira ya kazi ni ya hatari. Sasa itazame Mwanza kwa jicho la sheria hiyo. Ondoa viwanda vya minofu ya sangara. Ondoa meli na boti za mizigo. Ondoa migodi ya upande wa Geita. Ondoa mitumbwi inayokwenda kuvua dagaa usiku. Kinachobaki ni duka, meza ya sokoni, saluni, mgahawa, gereji ndogo, shamba la mboga: sehemu ambazo mwajiri hana ofisi, hana fomu, na anamwajiri mtu kwa kumtazama usoni na kuuliza "wewe ni mtoto wa nani?"

Kwa hiyo kutakuwa na mwaka mmoja au miwili ambapo kijana ana cheti cha ufundi lakini hana kitambulisho. Laini ya simu anayotumia imesajiliwa kwa jina la mama yake, na hata ujira wa kibarua ukitumwa kwa simu unaingia kwenye simu ya mama. Wengi tunaiita miaka hiyo "kukaa nyumbani", kana kwamba ni kungoja gari stendi ya Nyegezi. Mimi naiona ndiyo miaka ya mafunzo yenyewe, na mwalimu wake ni mzazi, apende asipende.

Ili kuelewa kwa nini tumejiandaa vibaya, turudi nyuma kidogo. Wazee wetu wa Mwanza walikua wakati kiwanda cha Mwatex kikifuma vitambaa na ushirika wa Nyanza ukinunua pamba ya Usukumani. Mtu akipata cheti, au hata bila cheti, baba alimshika mkono akampeleka kwa msimamizi anayemfahamu, na kazi ikawa ya maisha. Kazi ya kwanza ilikuwa ndiyo hiyo hiyo ya mwisho. Kulikuwa pia na Elimu ya Kujitegemea, aliyoiandika Mwalimu Nyerere mwaka 1967, iliyotaka shule iwe na shamba na karakana ili mtoto asitenganishwe na kazi ya mikono. Wazo lilikuwa zuri, na sera ya sasa ina damu yake. Lakini wengi waliosoma miaka ile na baada yake wanakumbuka ilivyokuwa darasani: aliyechelewa alipelekwa kulima, aliyepiga kelele alikwenda kuchota maji. Jembe likawa fimbo. Tukatoka shuleni tukijua kwamba kazi ya mikono ni adhabu ya mkosaji, na tukaihamishia imani hiyo nyumbani. Hadi leo mtoto anaambiwa "soma, la sivyo utauza dagaa", na anayemwambia ni mama anayemlipia ada kwa kuuza dagaa.

Viwanda vile vya zamani havipo tena kwa sura ile. Sangara wamepungua ziwani na baadhi ya viwanda vya minofu vimefungwa. Daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025 na ni fahari yetu sote, lakini ujenzi ulipokwisha vibarua walikwisha nao, na biashara ya kuwauzia abiria waliongoja kivuko ikaisha vilevile. Kazi za Mwanza ya leo zinakuja na kuondoka. Kijana wa sasa ataanza kazi mara tatu au nne kabla hajafika miaka 30, na kila mara atakuwa mgeni mbele ya mtu asiyemfahamu.

Ugeni huo ndio unaowaangusha. Nina mfano wa nyumbani kwangu, na nautoa kwa uchungu. Kijana wangu mkubwa alipomaliza kidato cha nne alipata kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi huko Nyakato. Nikamtafutia mdhamini, nikamnunulia viatu, nikaona nimemaliza wajibu wangu. Wiki ya tatu alimpakilia mteja mfuko mmoja wa saruji zaidi ya aliolipia. Jioni, kabla ya kufunga hesabu, akagundua. Hakusema kitu. Aliaga kama kawaida, akaja akala, na asubuhi akazima simu. Siku nne mfululizo aliondoka nyumbani saa moja asubuhi amechomekea shati, tukijua yuko kazini, kumbe anashinda Kamanga akitazama vivuko vikija na kurudi. Nilijua habari hizo kwa mdhamini, ambaye naye alikuwa amepigiwa na mwenye duka. Nilipokwenda kuomba radhi, yule bwana aliniambia kwa upole kabisa: "Mzee wangu, mfuko wa saruji ningemkata kidogo kidogo, au ningeacha tu. Lakini mtu anayezima simu nitamwachiaje ufunguo wa stoo?"

Nimelitafakari swali hilo kwa muda mrefu kuliko alivyodhani aliyeliuliza. Kijana wangu hakuwa mwizi wala mvivu. Alifanya kile alichofundishwa. Nyumbani kwetu, glasi ikivunjika kofi lilitangulia na swali likafuata. Mtoto aliyesema ukweli na mtoto aliyekamatwa walipata kipigo kile kile, tofauti ikiwa kwamba wa pili alipata nafasi ya kujificha kwanza. Kwa miaka 17 tulimzoesha kwamba kosa huzikwa. Halafu tukamtuma dukani kwa mtu, mahali ambapo kosa lililozikwa huota.

Ndiyo maana nasema maandalizi haya hayawezi kuachiwa karakana ya shule. Mwalimu wa umeme atamwonyesha mwanafunzi namna ya kuunganisha swichi. Hawezi kumfundisha namna ya kumwambia mwenye nyumba "mama, nimetoboa bomba lako", kwa sababu shuleni bomba si la mtu. Hilo hufunzwa penye mali halisi, mwenye mali halisi, na hasara inayouma. Pale Mwaloni Kirumba kuna mama ninayenunua kwake dagaa, ana binti wa kidato cha pili ambaye likizo hukaa naye mezani. Binti ana daftari gumu. Kila sado moja inayotoka, anapiga mstari. Siku moja nilikuwepo wakifunga hesabu. Mbalamwezi ilikuwa imeanza, mitumbwi ya dagaa haitoki vizuri, na bei ilikuwa imepanda asubuhi hiyo. Binti akasema, "Mama, leo nimekosea. Kuna mteja nimempa sado mbili kwa bei ya jana." Mama hakupandisha sauti. Akamuuliza bei ya jana ilikuwa ngapi, ya leo ngapi, na hasara ni kiasi gani, akamwacha apige hesabu mwenyewe mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kesho kabla hujafunua turubai, uliza bei." Wakaendelea kufunga magunia. Mazungumzo yale hayakufika dakika tatu. Binti yule akija kuajiriwa, duka la dawa au hoteli au popote, ana kitu ambacho mwanangu hakuwa nacho.

Kuna pingamizi kubwa hapa, na nalipa heshima yake. Wanaotetea haki za watoto watasema kwamba hoja ya "mtoto azoee kazi" imetumika miaka yote kuwatumikisha watoto kando ya ziwa hili. Wana haki ya kusema hivyo. Wapo watoto wanaoanika dagaa juani siku za masomo, wapo wanaovuta nyavu alfajiri na kusinzia darasani, na wapo wasichana wanaoletwa mjini "kusoma" wakaishia kulea watoto wa ndugu bila ujira. Sitaki makala hii iwe kisingizio cha yeyote kati yao. Lakini kuna mipaka inayoonekana bila darubini. Kwa yule binti wa Mwaloni, kazi ni ya likizo, iko mbele ya macho ya mama, haina mzigo wa kumvunja mgongo, na matunda yake yanamrudia yeye kwa ujuzi na kwa sare ya shule. Mtoto anayetumikishwa hafundishwi hesabu. Tena ikiwezekana asijue hesabu kabisa, maana akijua ataulizia malipo yake. Kipimo changu ni hicho: kazi inayomfundisha mtoto kuuliza ni malezi, inayomnyamazisha ni unyonyaji.

Pingamizi la pili linatoka vijiweni, nalo husemwa kwa uchovu: kazi ni koneksheni, mengine yote ni maneno. Lina ukweli wake. Mwaka 2025 watu zaidi ya 135,000 waliomba nafasi 1,596 za Mamlaka ya Mapato, yaani kila nafasi iligombewa na watu zaidi ya 80. Mbele ya hesabu kama hiyo, mtu kutafuta wa kumshika mkono ni jambo la kibinadamu. Na katika biashara za kawaida za mjini, kuanzia Makoroboi mpaka Buzuruga, huajiriwi bila wadhamini na barua ya serikali ya mtaa. Ila tuangalie koneksheni inafanya nini hasa. Inamfikisha kijana mlangoni, inamweka ndani wiki ya kwanza. Baada ya hapo inageuka kuwa deni, kwa sababu mdhamini ameweka jina lake rehani. Mdhamini wa mwanangu hajawahi kunisimanga, lakini sijathubutu kumpelekea kijana mwingine. Kila kijana anayezima simu anawafungia mlango wadogo zake, na wazazi tunaolalamika kwamba hatuna watu wa kutushika mkono tungejiuliza waliokuwepo tuliwatumiaje. Kwa maana hiyo koneksheni na malezi haviwezi kutenganishwa.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayopendwa kuliko zote: kwamba vijana wa siku hizi ni wavivu na wanachagua kazi. Sina subira nayo. Anayeisema aamke saa kumi na moja alfajiri akasimame Igoma ahesabu bodaboda walioko barabarani, wengi wao wakikimbiza hesabu ya pikipiki isiyo yao, siku saba kwa wiki. Akapite Mabatini aone saidia fundi wanaongoja kuitwa, koleo mkononi. Huo si uvivu. Kijana anayekataa kazi ya 150,000 kwa mwezi mara nyingi amepiga hesabu sahihi: nauli kutoka Kishiri, chakula cha mchana, vocha, na madai yanayomngoja nyumbani. Akiona kwamba mwisho wa mwezi atabaki na lawama tu, anakaa. Tukimwita mvivu tunajifariji sisi, kwa sababu baadhi ya madai hayo ni yetu.

Hili la madai ndilo gumu kuandika, na ndilo lenye uzito zaidi kwangu. Siku kijana anapopata kazi, habari inamtangulia mpaka Ukerewe, Magu na Sengerema. Kabla hajapokea senti, shangazi ana tatizo la bati, mdogo wake anadaiwa mchango wa shule, na baba amekwisha kumwambia fundi "mwisho wa mwezi kijana analipwa". Siwalaumu. Tumemsomesha kwa kuuza ng'ombe, kwa mikopo ya kausha damu, kwa kulala njaa. Tuna haki ya kutumaini, na undugu wetu ndio umetufikisha hapa. Lakini kazi ya kwanza huwa ndogo karibu kila mara, na mshahara wake wa kwanza ndio unaolipa nauli ya mwezi wa pili. Ukiisha tarehe tatu, kijana anaanza kukopa kwa bosi. Akikopa mara mbili anaogopa macho ya bosi. Akiogopa macho anachelewa, na siku droo ya duka ikipungua yeye ndiye wa kwanza kushukiwa. Nimeliona jambo hili kwa majirani zaidi ya mara moja, na kila mara lilipomalizika ilisemwa kwamba mtoto kashindwa kazi. Wazazi wangekaa chini kabla, baba na mama na kijana mwenyewe, wakubaliane kwamba miezi mitatu ya mwanzo nyumba haitadai kitu. Atanunua nguo mbili, ataweka nauli, atafungua akaunti, na zawadi ya mshahara wa kwanza itakuwa kilo mbili za sukari kwa bibi na baraka zake. Mwezi wa nne mazungumzo mengine yaanze, kwa kiasi kinachotajwa na kuandikwa. Kwa familia inayokula kwa kubahatisha ni kuomba jambo kubwa, nalijua hilo. Lakini kuikosa kazi yenyewe kunagharimu zaidi.

Kuhusu haki zake kazini nitasema kwa ufupi, kwa sababu zinapatikana kwa anayeuliza. Sheria hiyo hiyo ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi, inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki na inatoa siku 28 za likizo kwa mwaka. Kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haimhusu aliyefanya kazi chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo. Kijana akijua hilo la mwisho ataelewa kwa nini nusu mwaka wa kwanza ni wa tahadhari, na kwa nini kumwambia bosi kosa lako mapema kuna faida kuliko kutegemea kwamba kuna mahali pa kulalamika. Mzazi aliyeishi kwa vibarua maisha yake yote anaweza kuona karatasi hizi ni mambo ya watu wa ofisini. Amsaidie tu mtoto kuuliza maswali manne siku ya kwanza, kwa adabu, baada ya shikamoo: nalipwa kiasi gani, nalipwa lini, natoka saa ngapi, na kitu kikipotea tunafanyaje. Mwenye duka anayekasirishwa na maswali hayo amekwisha kujieleza.

Hatua zinazofuata si za familia peke yake. Shule zenye mkondo wa amali zitahitaji kuwapeleka wanafunzi wakajifunze kwa mafundi na wafanyabiashara, na ningependa kuona huko wanapokwenda mzazi, mwalimu na fundi wanakaa meza moja kabla, wanaandika nani anamsimamia mtoto, anafanya nini na hafanyi nini. Serikali za mitaa zinazotoa barua za utambulisho zinawajua vijana hawa kwa majina. Zingeweza kuwa daraja zuri kuliko dalali anayetoza elfu ishirini kwa ahadi ya kazi. Na muda hautoshi, kwa sababu mwaka 2027 darasa la sita na la saba watamaliza elimu ya msingi kwa pamoja. Januari 2028 madarasa mawili yataingia kidato cha kwanza kwa mlango mmoja, na mwishoni mwa 2031 yatatoka kwa mlango mmoja, wengi wao bila kitambulisho, wakigombea meza zile zile za Mwaloni, saluni zile zile za Igoma, gereji zile zile za Nyakato. Watoto hao sasa hivi wako shule ya msingi. Jioni hii wengine wametumwa dukani kununua mafuta ya kupikia, wamerudi, wameweka chenji mezani, na hakuna aliyewauliza imebaki ngapi.